Barua ya Ndaki Itangulie

Zipora akiwa na wasiwasi hutafuna kucha, na Ijumaa ile, saa nne asubuhi, alikuwa amefika kidole cha nane.

Kazi yake ni kuangalia kompyuta na seva ya barua pepe katika kliniki moja ya Segese, inayowapima afya wachimbaji kabla hawajaajiriwa. Majibu ya daktari hutumwa kwa mkandarasi wa mgodi kule Bugarama, na bila barua mtu haingii getini. Sasa barua arobaini na mbili zilikuwa zimekwama. Mojawapo ilikuwa ya Ndaki, mdogo wa mumewe, aliyehangaika miaka tisa kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, na ndiyo kwanza amepata kazi ya maana. Alikuwa ameambiwa barua isipofika kabla ya saa sita mchana, nafasi anapewa mwingine.

Aliyeharibu ni meneja Sostenes, mtu mwema lakini haambiliki. Alituma matangazo ya miwani kwa watu elfu tisa kwa mpigo, kupitia seva hiyohiyo. Watu wakalalamika, anwani ya IP ya kliniki, namba inayoitambulisha mtandaoni, ikatiwa kwenye orodha ya wasumbufu, na seva ya mkandarasi ikaanza kukataa kila kinachotoka humo, hata barua za daktari. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Ilikuwepo anwani ya pili, haijawahi kutumika. Zipora akaipanga seva upya: matangazo yatoke kwa anwani ya zamani, barua za daktari kwa hii mpya. Akakagua mara tatu. Tatizo, anwani mpya ni kama mgeni mtaani, ikianza kwa kelele inashukiwa. Siku ya kwanza hakuthubutu kutuma zaidi ya barua tano.

Kwa haki zilipaswa kwenda zilizotangulia kuandikwa. Ya Ndaki ilikuwa ya thelathini na moja. Simu yake ikaita, mara ya sita tangu asubuhi.

"Shemeji, niko getini. Wenzangu wanaingia."

Zipora aliona aibu, lakini akaivuta barua ya Ndaki ikawa ya kwanza. Hakuifungua, hizo ni siri za daktari, yeye huona jina na saa tu. Akabonyeza, na nyingine nne zikafuata. Dakika kumi nzima hakuna jibu. Kisha likatokea neno moja: imepokelewa. Akacheka peke yake kama kichaa, akaenda kunywa chai.

Saa sita kasoro robo simu ikaita tena.

"Imefika, shemeji," Ndaki alisema. "Daktari ameandika mapafu yamejaa vumbi. Nisishuke shimoni tena, hapa wala kwingine. Kofia na buti walivyonipa nimeshavirudisha."

Zipora alirudi kwenye kiti chake. Kwenye kompyuta zilikuwa zimebaki barua thelathini na saba, na sasa aliogopa kuzituma.