Kwenda Beni Kuuliza Baridi ya Bogota

Niliondoka Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa sababu ya mvua ya mawe iliyonyesha Bogota. Redio ya mchungaji wetu ilisema barabara za mji huo, mji mkuu wa Kolombia huko Amerika ya Kusini, zimekuwa nyeupe. Mjomba wangu Kambale alisikia akasimama. Watu wa nchi ile wanaishi kwa kahawa, na stoo ya mjomba ilijaa kahawa.

"Kama yabo imekufa, yetu itapanda bei," alisema. "Niuzishe sasa ao ningoje?"

Kungoja kulikuwa hatari. Ilisemekana waasi wanakaribia, na wenye bunduki wa upande wowote hubeba magunia. Mimi niliacha shule mapema na sikai pahali pamoja. Basi nikatumwa Beni, upande wa kaskazini, kwa mnunuzi mmoja Mgiriki aliyewahi kuishi Bogota.

Saa moja asubuhi nilipanda juu ya kamyo, lori la viazi lililotoka Lubero kule milimani. Nilitetemeka kwa baridi.

Kwenye mteremko wa Kabasha askari alinishusha kwenye kizuizi cha barabarani.

"Yo, unaenda wapi?"

"Beni, chef. Naenda kuuliza baridi ya Bogota."

"Bogota? Iko kambi ya waasi?"

"Hapana, chef. Iko muji ya Amerika."

"Ah bon! Donc basi unatumika na Baamerika?"

Salumu, shoferi wetu, aliangua kicheko. "Chef, mwache! Huyu hata masomo ilimushinda. Nani atamutuma?"

Tukapita. Sikujua nishukuru au nikasirike.

Adhuhuri tulifika Beni, jasho likinitiririka. Mgiriki alikuwa barazani, ananusa kahawa kiganjani.

"Bogota? Baridi kila siku," alisema. "Manyunyu, makoti, mafua. Inapita hata Lubero."

"Donc kahawa imekufa?"

"Kahawa gani? Bogota iko juu ya mulima, kahawa haioti pale. Inaota chini, kwenye joto kidogo. Baridi ya Lubero inaua mingazi, hii michikichi ya Beni?"

"Hapana. Basi watavuna mingi, inchi yabo itatajirika?"

"Wakivuna mingi, bei inaanguka, wanalia. Wakivuna kidogo, bei inapanda, lakini hawana cha kuuzisha. Wanalia tena."

"Sasa watacheka siku gani?"

"Nilikaa kule miaka mitatu. Sikuijua hiyo siku."

Kesho yake tulirudi. Kabasha hapakuwa na askari hata mmoja. Moto wao ulikuwa bado unafuka moshi. Salumu aliongeza mwendo.

Mjomba alinisikiliza, akakunja uso. "Nilikutuma jibu moja. Umeniletea mawili, na yote mabaya."

"Muyomba, kile nimeona na macho ni hiki: ku Kabasha askari wamekimbia."

Hakuuliza tena habari za bei. Jioni ile magunia yote yalipakiwa kwenye kamyo ya Salumu, yakaenda kusini, mbali na waasi.

Mambo ya uchumi wa Kolombia yananichanganya hadi leo. Nilichojifunza ni kutoipima nchi nzima kwa hewa ya mji wake mkuu. Mjomba yeye, usiku ule, alikaa mlangoni mwa stoo tupu, kisha akaniuliza:

"Na bale batu ba Bogota, leo kuko hata mumoja anauliza kama Butembo kuko baridi?"