Bati za Shangazi Kolumba

Mwanangu, kuna siku moja nimeikimbia tangu ujana wangu, na sasa nimechoka kuikimbia. Nimesikia umechaguliwa kuandika majina ya watakaopewa msaada huko bondeni mafuriko yalikopita. Hongera. Kaa hapa kidogo basi, maana na mimi nilipewa daftari kama hilo nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na nikalichafua.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara na mengineyo. Ninyi hamkuiona. Mitumba ilijaa kila gulio. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja mpaka uani, wakati sisi tulizoea kuijua ofisi moja tu ya ushirika. Na makanisa mapya yakaanza kupanda milima hii yetu ya Umatengo, ambako tangu enzi za babu tulijua padre mmoja na kengele yake. Sisemi kwa ubaya. Kila mtu aabudu anakoona mwanga. Nasema tu kwamba milango yote ilifunguliwa kwa mara moja, na wengi wetu hatukujua nani anaingia kwa jambo lipi.

Mwisho wa kiangazi, saa nne asubuhi, ardhi ikatikisika. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikamwona mbuzi wetu akianguka, akasimama, akaanguka tena. Nyumba za matofali ya kuchoma, zile tulizozijenga kwa jasho la kahawa na kuringia majirani, ndizo zilizoporomoka kwanza. Vibanda vya fito na udongo vilipinda tu. Tulizika kwa siku tatu mfululizo.

Katika waliozikwa alikuwemo binti pekee wa Shangazi Kolumba. Shangazi huyu alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mjane, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Siku ile alikuwa mtoni anafua. Aliporudi alikuta ukuta umelala juu ya binti yake, na mjukuu wa miezi mitatu, Imelda, analia chini ya meza akiwa mzima. Akamtoa, akamfunga mgongoni, na tangu hapo akalala naye chini ya kichanja cha kuanikia kahawa, kilichofunikwa kwa majani ya migomba. Masika yalikuwa yanakaribia. Alichohitaji ni paa.

Siku ya tisa likaja lori la wamisionari wa kanisa jipya. Kiongozi wao alikuwa mzungu mrefu tuliyemwita Mchungaji Martini. Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari za asubuhi," hata kama ni saa kumi na moja jioni. Mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani kutoka seminari ndogo, kwa makosa ambayo si ya leo, lakini Kiingereza nilirudi nacho. Basi nikawa mkalimani wake, nikapewa na daftari. Nakwambia nilitembea kama nimeoa.

Na nisiwe mwongo mara ya pili: watu wale walifanya kazi. Mke wa mchungaji alifunga vidonda mpaka vidole vikavimba. Unga na mablanketi viligawiwa kwa kila aliyenyoosha mkono, hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Halafu zikaja bati na misumari. Mchungaji akaniambia, "Andika wajane kwanza, halafu wenye watoto wachanga." Hilo lilikuwa jambo la kwanza.

Jioni ile ile akakaa juu ya sanduku, amechoka, akaniambia jambo la pili. Ibada yake ya Jumapili chini ya turubai ilikuwa imepata watu watatu na kuku. Akasema Jumapili ijayo lori litateremka Mbamba Bay, na anayetaka kubatizwa ziwani atakaribishwa. Akaguna, akasema, "Labda watu wenu hawatupendi."

Mambo mawili, mwanangu. Aliyasema mawili, mimi nikayafunga kuwa moja. Hakuna aliyenituma. Alikuwa amedokeza kwamba angeweza kuniandikia barua ya kwenda chuo cha Biblia ng'ambo, nami nikataka aone kwamba nafaa, kwamba nikisimama watu wanakuja. Kesho yake nikasimama mbele ya kitongoji kizima nikatangaza kwamba atakayebatizwa ziwani ndiye atakayeandikwa bati. Mchungaji alikuwa kando yangu, anatingisha kichwa kukubali, anadhani natangaza wajane kwanza.

Wa kwanza kuja mezani kwangu alikuwa shangazi, na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Niandike."

"Jumapili utapanda lori?"

"Kwenda wapi?"

"Ziwani. Si umesikia? Kubatizwa."

Akanitazama kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yangu. "Mimi nilibatizwa baba yako hajazaliwa. Yule padre alikosea maji?"

"Ndiyo utaratibu wa wenye bati, shangazi."

"Basi wabaki nazo. Binti yangu nimemzika kwa jina alilobatizwa nalo, wiki ya juzi. Siwezi kwenda kumwambia Mungu leo kwamba siku zote nilikuwa natania, kisa bati."

Akaondoka. Nilitegemea atarudi. Niliwategemea wote warudi, kwa sababu mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa ziwa na kila mtu aliyaona.

Jumapili lori likaja. Walipanda tisa, mmoja wao jirani yetu Kasiani, amevaa suti ya mtumba. Waliobaki hawakukaa kulisindikiza kwa macho. Walichukua mundu, wanaume kwa wanawake, wakapanda mlimani kukata nyasi za kuezekea, na walipopita mbele ya meza yangu wanawake waliimba nyimbo za Bikira Maria kwa sauti ambayo hata kwenye sikukuu yake ya Kupalizwa sijawahi kuisikia. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenisalimu pia. Aliporudi kutoka ziwani, mchungaji akaniuliza kwa nini watu wanakata nyasi wakati bati zimejaa ghalani. Nikamjibu kwamba ni wakaidi. Hilo tu ndilo la kweli nililomwambia.

Nyasi za mlimani hazikutosha. Vijumba vilikuwa vingi, na moto wa kiangazi ulikuwa umekula nusu ya mlima. Shangazi, kwa ukali wake, alipeleka fungu lake kwa wazee wawili wasio na mtu, akasema yeye ana kichanja. Katikati ya wiki mvua ya kwanza ikanyesha mchana kutwa. Siku ya pili yake Imelda alikuwa anakohoa kikohozi kile cha kifuani, na mbavu zinaingia ndani.

Ndipo babu akamwalika mchungaji kwenye sengu. Wewe wa siku hizi unakula umekumbatia simu, huenda hujaiona. Kwetu wanaume wa ukoo walikula pamoja uani kwa babu, kila mke akileta alichopika, na wanawake wakila hapo karibu na watoto. Hapo hapo mambo ya ukoo yalisemwa. Mgeni akikaribishwa kwenye sengu si mgeni tena, anaulizwa kama mtu wa nyumbani.

Babu Otmari, baba yake shangazi, alikula matonge mawili, akashushia kwa maji, akasema kwa Kimatengo, taratibu, "Beatusi, mwulize mgeni wetu. Roho ya binti yangu yeye ameipima kuwa sawa na bati ngapi?"

Nikamgeukia mchungaji. Nikasema kwa Kiingereza, "Babu anakushukuru sana kwa mablanketi."

Mchungaji akatabasamu. Akaweka mkono kifuani, akainama.

Babu akarudisha tonge kwenye sahani. "Beatusi. Mtu aliyeulizwa nililouliza hatabasamu. Mwulize tena."

Nikauliza tena, mara hii neno kwa neno. Uso wa mchungaji ukafungika. Akanitazama mimi, si babu, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani aliwaambia hivyo?"

"Anasemaje?" babu akauliza.

Pale uani mimi peke yangu nilijua lugha zote mbili. Ningeweza kuwaambia wazee kwamba amesema ndiyo utaratibu, na kumwambia yeye kwamba ni uvumi wa mitaani, na wote wangeachana kwa chuki huku mimi nikibaki safi. Nilifikiria hivyo, sikufichi. Nyuma yangu, upande wa wanawake, nikamsikia Imelda akikohoa.

"Anauliza nani aliwaambia," nikasema. "Ni mimi. Yeye hakusema. Yeye alisema wajane kwanza." Kisha nikayarudia maneno hayo hayo kwa Kiingereza.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani wapige. Babu akasema, "Mwambie hivi, na usipunguze. Mablanketi tuliyapokea kwa sababu alitupa kama jirani. Bati tulizikataa kwa sababu tuliambiwa tutoe tulicho nacho ndani. Ingekuwa kweli, tungezikataa hata leo, na mvua hii hii, na mtoto huyu huyu anakohoa. Alijue hilo kabla hajaanza kutuonea huruma."

Nikamwambia. Mchungaji akaitikia kwa kichwa mara nyingi. "Mwambie na mimi ningekataa," akasema. Akaomba maji anawe, akasimama, akamchukua shangazi na mtoto kwenye lori kuwapeleka hospitali ya misheni, ile ya masista, si ya kwake. Imelda alipona baada ya wiki mbili. Haikuwa kwa jitihada zangu.

Daftari nilinyang'anywa jioni hiyo. Mchungaji alimpa mwalimu wa shule ya msingi, Mwislamu kutoka Tanga aliyehamishiwa kwetu, naye mwalimu akaandika wajane kwanza na hakuna aliyelalamika. Barua ya chuo haikuandikwa. Hata mimi nisingeiandika.

Bati za shangazi zilishushwa barabarani, maana lori halikuweza kupanda kwenye kilima chake. Vijana wa ukoo wakaja kubeba. Akawazuia. "Atabeba Beatusi."

Nilibeba siku mbili, bati mbili mbili, kwenye tope la masika, kingo zikinichana mabega. Watu walikaa mbele ya nyumba zao wakanitazama. Hawakucheka. Safari ya mwisho nikaziweka chini, nikasema, "Shangazi, nisamehe."

Alikuwa anamnywesha mtoto uji kwa kijiko. "Misumari iko wapi?" akauliza.

Nikaenda kuleta misumari. Neno nililoliomba hakuwahi kulitamka mpaka anakufa. Alinipa ugali kila nilipopita, na nilikula. Kasiani naye mpaka leo yuko kanisa lile, ni mzee wa kanisa. Nilipomwomba radhi kwa kumdanganya, aliniambia alikwenda kwa ajili ya bati akabaki kwa ajili ya maombi, na kwamba Mungu hakuhitaji ruhusa yangu.

Sasa nakwambia wazi. Ukisimama kati ya mwenye kutoa na mwenye kuhitaji, peleka lililosemwa kama lilivyosemwa. Usiongeze lako ili uonekane unafaa. Mwenye shida hawezi kwenda kuuliza kwa tajiri kama ni kweli. Anakutegemea wewe, na ndiyo maana kumdanganya ni rahisi na ni uchafu. Ukikosea, jitaje mwenyewe, mbele ya wale wale, kwa lugha wanayoielewa.

Na siku wewe ndiye utakayekuwa umelala chini ya kichanja, maana siku hiyo huwa inakuja, pokea unga, pokea blanketi, shukuru kwa adabu. Lakini wakikuletea fulana uvae upigwe picha ukilia, au wakikuambia uache kwanza jina la mama yako ndipo upewe paa, kataa. Kataa ukiwa na njaa. Kataa huku mvua inanyesha. Shangazi yangu alikuwa hana kitu, na hakuna mtu milima hii aliyewahi kumwona anapiga magoti isipokuwa kanisani.

Haya, nenda kawaandikie watu majina yao. Mungu akubariki, akulinde njiani, akupe ulimi usioongeza na mgongo usiopinda mbele ya gunia la mtu. Na wakikuita mkaidi, itika.