Ukweli wa Binti wa Mlinzi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Rula. Si kwamba aliwachapa nayo, la. Hata nzi alikuwa anamfukuza kwa adabu. Ila kila kipindi cha tabia njema ya Kikristo aliinua rula yake ya mbao mbele ya darasa na kuuliza, "Mtu wa Mungu anapaswa kuwaje?" Darasa zima likaitikia kwa kelele, "Amenyooka!"

Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kipindi kile ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani asubuhi. Alifundisha upendo, uvumilivu na kiasi, lakini kwenye ukweli ndipo alipowaka moto. Aliwaambia watoto kwamba anayesema ukweli hana haja ya kuogopa, kwa kuwa Mungu yuko upande wake.

Aliyemeza maneno hayo kuliko wote alikuwa binti wa mlinzi wa shule. Alikaa dawati la mbele, kidevu juu ya viganja, haondoi macho kwa mwalimu wake. Baba yake, mtu mpole wa masihara, alimtania Mwalimu Rula getini: "Mwalimu, umeniharibia mtoto. Siku hizi nikisema nimeshiba ananiuliza, 'Kweli, baba?'" Wakacheka wote wawili.

Kisha vyerehani vya darasa la ushonaji vikaibwa. Kufuli ya stoo ilikutwa imekatwa. Mlinzi akaapa mbele ya mkuu wa shule kwamba hakubanduka getini usiku kucha. Labda wezi walipitia ukuta wa nyuma.

Mkuu wa shule akakusanya watu wote uwanjani. "Anayejua lolote aseme," alisema. "Hapa tunafundisha ukweli, sivyo?"

Mkono mmoja ukapanda. Binti wa mlinzi hakumtazama mkuu wa shule. Alimtazama Mwalimu Rula. Na Mwalimu Rula, moyo ukimjaa fahari kabla akili haijafika, akamwitikia kwa kichwa: sema, mwanangu.

"Baba alikuwa nyumbani," mtoto alisema. "Mama alibanwa na pumu. Baba alikaa naye akimpepea mpaka kukakucha."

Mlinzi alikuwa amesimama kando ya mlingoti wa bendera. Alivua kofia yake polepole, akaishika kwa mikono miwili. Hapo ndipo mtoto alipogeuka na kuuona uso wa baba yake, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mwalimu Rula alimfuata mkuu wa shule ofisini, akamsihi mpaka sauti ikamkauka. Mtu alikuwa anauguza mkewe, nani angemwacha?

"Kuondoka ningemwelewa," mkuu wa shule alijibu bila kupandisha sauti. "Ameniapia uongo, mwalimu. Wewe ungenishauri nini?"

Kabla ya jua kuzama mlinzi alikuwa amekabidhi funguo na tochi.

Mwalimu Rula alipokwenda kuwajulia hali, alikuta vyombo vimefungwa kwenye mashuka. Chumba kilikuwa cha shule, nacho kilitakiwa kirudishwe. Mke wa mlinzi alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, akivuta pumzi kwa taabu.

"Karibu, mwalimu. Kiti ndiyo hivyo, kimeshafungwa."

"Nimekuja kuwapa pole, dada. Na kumwona mtoto."

"Yuko nyuma ya pazia. Hajasema neno tangu siku ile. Baba yake amembembeleza, amemwambia hana kosa. Anatikisa kichwa tu."

Mwalimu Rula akasogea kwenye pazia. Aliona vidole vya miguu chini yake. "Mwanangu," alisema taratibu, "hukufanya vibaya." Vidole vikajikunja, vikarudi nyuma. Mwalimu akaaga akaondoka.

Walihama. Baadaye alisikia kwamba mlinzi anabeba mizigo sokoni, mgongo umeanza kumsumbua, na kwamba binti amepata shule nyingine, ambako anaitika jina lake linapoitwa, zaidi ya hapo hasemi kitu. Vyerehani havikupatikana.

Aliomba kuvuliwa kipindi kile. Mkuu wa shule akasema hakuna mwingine wa kukibeba. Kwa hiyo muhula uliofuata alisimama tena mbele ya darasa, akafika kwenye ukweli, akaueleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya mgonjwa wa nyumbani kwake.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama ukweli utamuumiza baba yako?"

Wote walijua alikuwa akimsema binti wa mlinzi.

"Sijui," alisema Mwalimu Rula. "Bado namwuliza Mungu." Akageukia ubao, akakaa hivyo, chaki mkononi, asiandike kitu, mpaka kengele ikalia.