Kichupa Kilichotolewa kwenye Friji

Jicho la kulia la mke wangu lilikuwa limeshakufa. La kushoto ndilo alilokuwa akishonea kofia, na kofia zile ndizo zilizotulisha, maana mshahara wangu wa kufagia maabara ya hospitali ulikuwa haufiki popote. Ramadhani ile, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na la kushoto likawa jekundu, likaota kidonda kile kile kilichoua la kulia.

Daktari wetu wa maabara, Mzungu, alisema kirusi ndicho kinacholila jicho, na stoo haina dawa yake. Ila chembe nyeupe za damu ya watu zikishambuliwa hutoa kitu cha kujitetea. Akikipata hicho, atamtonesha jichoni. Alichotaka ni damu.

Mashemeji zangu walikuja kutoa baada ya futari. Mchana walikataa, wakihofia swaumu zao. Damu ikaachwa itulie. Nyekundu ikashuka chini, juu yake ukakaa utandu mweupe kama tui lililoganda. Daktari akaufyonza taratibu, akautia kirusi cha kideri, maradhi ya kuku, makusudi, akauacha kwenye joto mpaka asubuhi. Ukazungushwa kwenye mashine, maji ya juu yakatiwa tindikali ya kuua kirusi kile cha kuku, yakazungushwa tena, machicha yakatupwa. Damu ya wanaume wote wale ikatoa kichupa kimoja, maji tu ukiyaona. Akakitia kwenye friji, akaniambia nimlete mke wangu kesho jioni.

Friji iliyokuwa ikipoza ilikuwa hiyo moja. Na kesho yake mkubwa mmoja alikuwa aje kufuturu na wafanyakazi.

Aliyekitoa ni msimamizi wa stoo. Nasema wazi, na akisoma ajijue. Alipanga majagi yake ya juisi ya ukwaju, kichupa akakiweka dirishani, juani, kutwa nzima. Nilipomuuliza hakuona haya.

"Damu najisi, bwana. Ntaiweka na juisi ya watu waliofunga?"

"Si damu tena ile. Ishasafishwa."

"Ilotoka kwenye damu ni damu. We shika ufagio wako."

Mke wangu alikuwa ameshakaa kwenye benchi, kajitanda kanga mpya. Daktari akakiinua kichupa kwenye mwanga. Maji yalikuwa yamefanya ukungu. Akayamwaga.

Alitaka kuanza upya. Daktari mkuu, mwenzetu, mtu wa hapa hapa, akakataa: mashine si ya majaribio. Naye namtaja. Hata mwezi haujesha, jicho likafunga, asione tena.

Msimamizi ni jirani yetu. Kila Ijumaa hupita barazani akitoa salamu kwa sauti, na mke wangu huitikia. Kisha huniuliza:

"Kavaa ile yangu?"

Ni kofia aliyomshonea kabla ya Ramadhani ile.

"Kaivaa," namwambia.