Chawa wa Mama Mdogo

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, kichwa huniwasha mpaka leo. Msinicheke. Aliyewahi kupakwa mafuta ya taa kwenye kichwa kilichonyolewa kwa wembe ananielewa.

Mwaka ule, kijijini kwetu karibu na Nduguti, watu walikuwa wanatazamana kwa jicho la pembeni. Maofisa wa uhamiaji walishusha abiria kwenye mabasi na kuwauliza kwao ni wapi. Mke wa fundi baiskeli alichukuliwa akitoka kisimani, akarudishwa ng'ambo ya mpaka, akaacha mtoto ananyonya. Nani alimtaja? Hakuna aliyejua, kwa hiyo kila mtu alimshuku jirani yake. Hata kuombana chumvi kulipungua.

Mama mdogo, mke wa mdogo wake baba, aliletwa kutoka Burundi akiwa msichana. Watoto wake wote aliwazalia kwetu, na Kinyiramba alikisema kutushinda, ila vibali hakuwa navyo. Alikuwa mchuuzi wa vitunguu. Akaogopa kupanda basi, vitunguu vikachipua ndani, wanawe wakawa wanakula ugali kwa mlenda asubuhi na jioni.

Siku moja nikamkuta amenyoa kipara. Alisema ni chawa. Sikumwamini hata kidogo, maana juzi yake tu nilikuwa nimemsuka mimi, na sikuona chawa wala yai lake. Nikaanza kumchunguza. Chakula hagusi, simu kaizima, kigoda kakiacha anakaa chini. Nikasema moyoni, huyu anataka kututoroka.

Si mimi peke yangu niliyeshuku. Kwetu mtu akifiwa, nyumba nzima hunyoa, na jirani yetu mmoja alikuwa na macho makali. Alikuja, akamwamkia Bibi, akasimama.

"Mkwe wako naona amenyoa. Amefiwa na nani, na wapi?"

Bibi hakuinua hata uso. "Chawa. Wametuingia nyumba nzima."

Akaagiza wembe. Tukanyolewa wote, wakubwa kwa wadogo, tukapakwa mafuta ya taa, tukaangua kilio. Mwisho Bibi akamkabidhi Mama mdogo wembe, akainamisha kichwa chake chenye mvi. Mama mdogo alinyoa huku analia kutupita sote. Jirani akacheka, akaenda zake. Nami nilinuna, nikiona tumeonewa bure.

Nimekuwa mtu mzima ndipo Mama mdogo akanieleza. Alikuwa amepigiwa simu kwamba mama yake mzazi amefariki. Angevuka kwenda kuzika, asingeruhusiwa kurudi kwa wanawe. Angelia hapa, angeulizwa anamlilia nani.

Nikamuuliza kama Bibi alijua.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Lakini bibi yako mwenyewe hakuwa na chawa."

Nikaona uchungu na fahari kwa pamoja. Mama yake alizikwa bila yeye, lakini sisi tulimnyolea, tukamlilia kwa sauti, mchana kweupe, jirani akitutazama.