Sindano ya Mkamwana

Nimechoka jamani, niseme ukweli. Mume wangu Anyelwisye amelima viazi huku mlimani Mbeya tangu nikiwa msichana, leo hata kugeuka kitandani mpaka nimshike. Saratani ya tezi dume imemwingia kwenye mifupa.

Daktari wa mjini alitueleza vizuri. Ile sindano ya kila mwezi ni kingamwili, kama askari wa mwili, ila huyu katengenezwa maabara. Haiui saratani yenyewe; inazuia mifupa isiliwe. "Akiikosa, mama, anaweza kuvunjika akiinuka tu," aliniambia. Lakini barabara ile na mashimo yake! Safari ya mwisho mzee alilia ndani ya bajaji, akaapa haendi tena.

Basi daktari akakubali dawa iletwe huku kwenye kiboksi cha baridi cha kubebea chanjo, achome Sekela. Sekela ni nesi wa zahanati yetu, tena mke wa mwanetu Isakwisa aliyeko machimboni Makongolosi. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tangu aolewe, Sekela akimsikia mzee anakohoa, anachepuka migombani. Wengi siku hizi wameshaacha. Mzee wangu, ng'o!

"Mkamwana anishike mimi? Bora nife."

"Haya, kufa!" nikamjibu. "Ukivunjika atakubeba nani, mimi au huo mwiko wako?" Nilikasirika mpaka nikalia.

Sekela alikuwa mlangoni, ametupa mgongo, kiboksi kiko miguuni. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "dawa hii haitaki joto. Baba ajifunike blanketi mpaka kichwani, atoe mkono tu. Mimi nitainamisha macho."

 Mzee akavuta blanketi, mkono ukatokea, mwembamba, ngozi imelegea. Sekela akaingia kinyumenyume, akapiga magoti, akachoma. Nikashusha pumzi, nikajua yamekwisha.

Mara mzee akajifunua mwenyewe. Akamtazama yule binti usoni, mara ya kwanza tangu aingie kwenye ukoo wetu. Macho yalikuwa yamemwiva kwa kukesha zamu, na mvi zimemwota mapema.

"Sekela," akamwita. "Kumbe nawe umechoka hivi."