Sungura Aliyetaga Kariandusi

Nilitoka mtaa wa Rhonda, Nakuru, Jumamosi kwa sababu shemeji yangu Kamau alikuwa karibu kumtoa ng'ombe wake wa pekee kwa jirani, apewe sungura kumi na wawili. Si sungura wa kawaida, alinieleza kwa simu. Ni ndugu wa yule sungura ambaye jirani alimuuzia kwanza, na yule anataga mayai.

Saa mbili asubuhi nilipata nafasi kwenye pikapu ya kabeji. Dereva alitaja bei, nikataja nusu, tukakubaliana kwamba mimi ni mtu mbaya. Njiani nikasoma kitabu cha sayansi cha binti yangu. Kweli, kuna mamalia wanaotaga: platipasi mwenye mdomo kama wa bata, na ekidna mwenye miiba. Wanaishi Australia na Guinea Mpya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba lifti kuja Gilgil.

Saa nne nikashuka Kariandusi, nje kidogo ya Gilgil. Vumbi jeupe la machimbo lilikuwa limepaka kila kitu, hata kuku. Dada yangu Nyambura, mke wa Kamau, alikuwa akimpa ng'ombe majani kama anayemuaga. Jirani angekuja saa sita.

"Watoto watakunywa nini, bro? Supu ya sungura?" akaniuliza Nyambura.

Kamau alinipeleka kibandani kama daktari bingwa. Ndani ya sanduku, juu ya manyoya aliyojing'oa sungura, kulikuwa na mayai matatu. Nikahesabu tena. Matatu.

"Haya boss, bado unabisha?"

"Ananyonyesha?"

"Sana."

"Kwa chuchu?"

Alinitazama kama nimeuliza iwapo gari lina magurudumu. Nikamgeuza sungura: chuchu nane. Nikarudia: nane. Nikafungua kitabu. Mamalia wanaotaga hawana chuchu. Maziwa hutoka kwenye ngozi, mtoto akalamba. Na yai lao ni laini kama ngozi. Nikagonga yai la Kamau kwa ukucha. Ko, ko.

"Labda huyu ni wa aina ya huku," akasema.

"Nyambura, kuku wako anataga wapi siku hizi?"

"Ameacha. Wiki ya pili sasa. Nilikuwa nimchinje kesho."

Mlango tuliuacha wazi. Kuku akapita katikati yetu, akamsukuma sungura, akajikalisha kwenye yale manyoya.

Saa sita jirani alifika na kamba.

"Ng'ombe haendi," Kamau akamwambia.

"Lakini sungura wangu wanataga kila siku," jirani akalalamika, na alimaanisha.

"Una kuku wangapi?" Nyambura akamuuliza.

"Sita. Kwani?"

Jioni nilirudi Nakuru. Kitabu kinasema kinachomfanya mnyama awe mamalia ni maziwa. Kutaga ni mambo yake ya nyumbani. Shemeji yangu alikuwa karibu kutoa maziwa ya watoto wake ili apate mayai ya kuku wake mwenyewe.